Kupima wepesi wa monita: mwongozo kamili kwa watazamaji wa video na wachezaji wa gemu

Boksi la monita limeandikwa 1 ms, yaani milisekunde moja. Unaiwasha, unafungua gemu ya usiku yenye mapango na vichaka, unageuza kamera haraka, na kila nguzo inaburuta mkia mweusi nyuma yake kama masizi yaliyopanguswa kwa kidole. Hujaibiwa, angalau si moja kwa moja. Hiyo 1 ms ipo kweli, ila ilipimwa mahali ambapo macho yako hayakai.

Ndiyo maana napenda kila mtu apime mwenyewe. Maabara haihitajiki. Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, kivinjari, kipanya na saa moja isiyo na usumbufu vinatosha.

Kwanza tujue tunapima nini

Neno "wepesi" limebeba mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni hezi (Hz), yaani monita inachora picha mpya mara ngapi kwa sekunde. Kwa 60 Hz kila picha inakaa mbele yako 16.7 ms, kwa 144 Hz inakaa 6.9 ms, na kwa 240 Hz ni 4.2 ms tu. La pili ni kasi ya pikseli: nukta moja ikiamriwa iache kijivu kilichokolea iwe kijivu cha mwanga, safari hiyo inaimaliza baada ya muda gani? La tatu ni ucheleweshaji, muda unaopita tangu picha iingie kwenye monita hadi uione. Kwa mchezaji, hicho ni kipande cha muda kilicholala kati ya kidole na risasi.

Monita inaweza kufaulu mawili ikaanguka la tatu. Nimewahi kukaa mbele ya skrini safi isiyo na mkia hata kidogo, lakini kipanya kilikuwa kama kimefungwa kwa mpira: unavuta, kinafikiria, ndipo kinafuata. Mtazamaji wa filamu hana habari na jambo hili la tatu mradi midomo ya waigizaji iende na sauti. Mchezaji wa gemu za risasi yuko radhi kutoa nusu ya uzuri wa rangi ili alipate. Kwa hiyo kabla hujaanza, jua wewe ni nani kati ya hao wawili.

Namba za kwenye boksi

Kipimo cha kasi ya pikseli kinaitwa GtG, kijivu hadi kijivu. Kwa desturi saa huanza kuhesabu pikseli ikishapita 10% ya safari yake, na husimama ikifika 90%. Ni kama kumpima mkimbiaji bila kuhesabu alivyojikokota kuondoka wala alivyochechemea kufika kwenye utepe. Tena safari kati ya kijivu kimoja na kingine ni nyingi mno, na boksi hutangaza ile iliyo fupi kuliko zote. Ukikuta herufi MPRT, hicho ni kipimo kingine kabisa. Kinaangalia picha inakaa machoni kwa muda gani, na kwa kawaida 1 ms ya MPRT huipati mpaka uwashe taa ya kumweka, nitakayoieleza mbele.

Aina ya paneli inakupa dokezo zuri kuliko namba. OLED, ambayo kila pikseli huwaka yenyewe, hubadili rangi chini ya 1 ms karibu katika kila safari. Tatu zinazofuata ni aina za LCD, paneli ya fuwele za majimaji yenye taa nyuma yake. IPS za siku hizi hazitofautiani sana kati ya giza na mwanga. TN ni za haraka, lakini rangi zake hubadilika ukikaa upande. VA zina weusi mzuri kuliko ndugu zake wa LCD, ila nyingi huchoka gizani: kutoka nyeusi kwenda kijivu kilichokolea zinaweza kupitisha 20 ms, na hapo ndipo yale masizi yanapotoka.

Alama moja ya boksi ninayoiheshimu ni ClearMR ya shirika la VESA, iliyoanza mwaka 2022. Hiyo huhesabu uwiano wa pikseli safi kwa pikseli zenye ukungu. ClearMR 7000, kwa mfano, maana yake pikseli safi ni mara 65 hadi 75 ya zenye ukungu. Bado sitanunua kwa alama hiyo peke yake, lakini inasema kitu.

Hatua ya 1: Andaa uwanja

Washa monita uiache nusu saa. Fuwele za majimaji ndani ya LCD huwa nzito zikiwa baridi, na pikseli huchelewa kweli. Ukipima dakika ya kwanza asubuhi ya baridi utailaumu monita isiyo na kosa. Kisha rejesha mipangilio ya kiwandani, chagua hali ya kawaida ya picha, na uzime kila kinachojidai kuboresha: kontrasti inayojibadilisha, kupunguza chenga, kulainisha mwendo. Vyote hivyo vinaweza kuongeza ucheleweshaji.

Halafu hakikisha hezi. Hapa nina ushuhuda wa aibu. Nilinunua monita ya 144 Hz, nikaicheza karibu miezi minne, nikawa nawahubiria marafiki kwamba tofauti "unaiona hata kipofu". Siku moja nikafungua mipangilio ya onyesho kutafuta kitu kingine kabisa, nikakuta imeandikwa 60 Hz. Kompyuta ilikuwa imechagua 60 tangu siku ya kwanza, nami sikuwahi kuangalia. Kwenye Windows, ingia mipangilio ya mfumo, kisha onyesho, kisha onyesho la kina, uchague hezi ya juu. Kwenye Linux inayotumia X11, andika xrandr kwenye terminali. Kinyota kinakuonyesha kasi inayotumika sasa.

Kama hezi unayoitaka haimo kwenye orodha, mshukiwa wa kwanza ni waya. HDMI 2.0 hubeba picha ya 4K hadi 60 Hz. Kwa 4K ya 120 Hz unahitaji HDMI 2.1 au DisplayPort 1.4. Angalia pia tundu lenyewe. Baadhi ya monita zina matundu mawili ya HDMI yasiyo na uwezo sawa, na hakuna anayekuambia isipokuwa kile kijitabu ulichotupa na boksi.

Hatua ya 2: Je, kuna picha zinazorukwa?

Monita inaweza kupokea picha 144 na kutoonyesha zote, hasa ikiwa imesukumwa kupita hezi iliyoundiwa. Fungua TestUFO, tovuti ya Blur Busters ya kupima mwendo, uchague jaribio la kuruka kwa fremu, yaani zile picha moja moja. Utaona kisanduku cheupe kikitembea juu ya gridi. Chukua simu, weka kamera kwenye hali ya mkono (manual), ufungue shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, kwa 1/10 ya sekunde, piga picha moja. Kwa 144 Hz unatakiwa kuona visanduku kama 14 vilivyofuatana bila pengo. Pengo likijirudia katika kila picha, monita inaruka fremu. Likija mara moja tu, ni kivinjari kilichojikwaa: funga programu nyingine, hakikisha dirisha liko kwenye monita unayoipima, urudie.

Hatua ya 3: Pima mkia

Ukiwa kwenye tovuti hiyohiyo, fungua jaribio la vyombo vya angani vinavyotembea kwa pikseli 960 kwa sekunde. Kifuate kimoja kwa macho, usikodolee sehemu moja. Hili la kufuata kwa macho ni la lazima, na sababu yake ndiyo kiini cha somo zima.

Jicho likifuata kitu, linatembea mfululizo kama gari kwenye lami. Picha ya kwenye skrini haitembei hivyo. Inasimama, inaruka, inasimama, inaruka. Katika kila kusimama jicho lako linaendelea kwenda, kwa hiyo picha hujipaka ndani ya jicho. Kwa mwendo wa pikseli 960 na 60 Hz, kitu kinaruka pikseli 16 kila mara, na upana wa ukungu unakuwa huohuo, 16. Kwa 120 Hz unashuka hadi 8, kwa 240 Hz hadi 4. Ukungu huu utaukuta hata kwenye OLED ambayo pikseli zake hazina kosa. Ukiwa na OLED ya 60 Hz na ukaona ukungu, usiirudishe dukani. Hiyo ni hesabu, si ugonjwa.

Ugonjwa una sura nyingine. Ukungu wa hesabu ni sawa pande zote mbili za kitu. Mkia wa pikseli zilizochoka uko nyuma yake tu, na mara nyingi utaona nakala ya pili iliyofifia ya kile chombo, kama mzuka unaokifuata. Tazama dirisha la chombo, ile mistari midogo: ikisomeka, uko vizuri. Ikiwa imegeuka uji, kumbuka hezi yako kwanza kabla ya kulalamika.

Ukitaka ushahidi wa kuweka kando ya monita nyingine, piga picha kwa kuisogeza simu sambamba na chombo, kwa mwendo wake. Panga vitabu viwili mbele ya skrini viwe reli, telezesha simu juu yake, na ufungue shata kwa muda wa kama picha nne za monita: 1/15 ya sekunde kwa 60 Hz, 1/30 kwa 120 Hz. Majaribio kumi ya kwanza yataharibika. La kumi na moja litakuonyesha kile hasa jicho linachokiona.

Hatua ya 4: Rudia gizani

Wapimaji wengi wa nyumbani huishia hatua ya tatu, kwenye mandhari ya kijivu cha kati ambako kila monita hupendeza. Mimi nasema mtihani wenyewe ndio unaanza. Badilisha rangi za jaribio: mandhari iwe nyeusi, kitu kiwe kijivu kilichokolea. Kisha kinyume chake. Zima taa ya chumba.

Njia nyingine isiyohitaji tovuti: fungua ukurasa wenye mandhari meusi na maandishi ya kijivu hafifu, uusogeze juu na chini taratibu huku ukisoma. Kwenye VA dhaifu maandishi hupotea kabisa wakati wa kusogea, kisha hurudi ukisimama, kama yanayozama majini. Wakati mwingine kingo zake hupata wekundu au uzambarau ambao haumo kwenye ukurasa, kwa sababu pikseli ndogo za rangi tatu hazifiki kwa pamoja. Ukiliona hilo na unacheza gemu za kutisha au unapenda filamu za usiku, huo ni uamuzi tayari. Kama kazi yako ni mpira na katuni, hutakumbana nalo mara nyingi.

Hatua ya 5: Tafuta ngazi sahihi ya ovadraivu

Ndani ya menyu ya monita kuna kitu kinachoitwa Overdrive au Response Time, chenye ngazi kadhaa. Kazi yake ni kuisukuma pikseli kwa umeme mwingi kuliko inavyohitaji ili iwahi kufika. Ukiisukuma kupita kiasi inapitiliza kituo, halafu inarudi, na wewe unaona mkia uliogeuzwa: badala ya kivuli cheusi nyuma ya kitu, unapata ukingo mweupe unaong'aa au wa rangi ya ajabu. Ile 1 ms ya boksi mara nyingi imetoka kwenye ngazi ya juu kabisa, ambayo mtu mwenye macho mawili hawezi kuivumilia.

Anza na ngazi ya chini, tazama chombo, panda moja, tazama tena. Simama pale mkia mweusi unapokwisha na mng'ao haujaanza. Kwa monita nyingi nilizoshika, jibu lilikuwa ngazi ya kati, na ile ya juu ilikuwa pambo la matangazo.

Usiishie hapo. Rudia kwa 60, kwa 100 na kwa hezi ya juu. Ngazi iliyo safi kwa 144 inaweza kupitiliza vibaya kwa 60, na gemu nzito haikai kwenye 144 siku zote. Baadhi ya monita hurekebisha ovadraivu zenyewe kadiri kasi inavyobadilika. Kama yako si mojawapo, chagua kwa kufuata kasi ambayo gemu zako hukaa kwa kweli.

Hatua ya 6: Ucheleweshaji

Tatizo la kuupima nyumbani ni kwamba huwezi kuutenga. Kati ya kidole na mwanga kuna kipanya, kompyuta, programu, ndipo monita. Kwa hiyo usitafute namba ya monita, tafuta tofauti.

Fungua ukurasa wowote wa kupima kubonyeza, unaogeuka kutoka mweusi kuwa mweupe ukibofya. Zima usawazishaji wa wima (V-Sync) kwenye kadi ya grafiki. Simamisha simu ionyeshe kipanya na katikati ya skrini kwa pamoja, rekodi kwa fremu 240 kwa sekunde, ubofye mara ishirini kwa nguvu ya kuonekana. Kisha pitia video fremu kwa fremu: tangu kidole kilipogota chini hadi weupe unapoanza. Kila fremu ni 4.2 ms, kwa hiyo fremu 14 ni kama 58 ms. Chukua wastani wa zote ishirini, kwa kuwa moja peke yake inaweza kukosea kwa fremu nzima.

Sasa badili kitu kimoja tu: hali ya filamu iwe hali ya gemu, au monita hii kwa ile, kompyuta ileile, hezi ileile. Tofauti ya wastani ndiyo ya monita. Runinga zinazotumiwa kama monita ndizo hushangaza zaidi. Hali ya gemu huruka uchakataji mwingi wa picha, na tofauti unaihisi hata bila kuhesabu.

Unaposoma namba za wapimaji wengine, kumbuka kwamba skrini huchorwa kutoka juu kwenda chini. Kwa 60 Hz mstari wa katikati hufikiwa baada ya kama 8.3 ms hata monita isipochelewesha chochote. Ukiona imeandikwa 9 au 10 ms kwa 60 Hz katikati ya skrini, hiyo ni monita nzuri sana. Usiilinganishe na 3 ms ya mwenzako aliyepima kwa 240 Hz.

Hatua ya 7: Kasi inayobadilika

Teknolojia za FreeSync, G-Sync na ile ya HDMI 2.1 hufanya jambo moja: monita husubiri kadi ya grafiki badala ya kukimbia na saa yake. Picha haichaniki, na kigugumizi hupungua. Cha kuangalia ni mipaka. Monita ya 48 hadi 144 Hz ikipewa fremu 40 huzionyesha mara mbilimbili, yaani kwa 80 Hz, na hutahisi kitu. Monita ya 48 hadi 75 haiwezi, kwa sababu 48 mara mbili ni 96, na hiyo imepita paa lake. Chini ya 48 kigugumizi kinarudi.

Kuna dosari moja ya kuitafuta kwa makusudi, hasa kwenye OLED na VA: kupepesa. Fungua menyu ya gemu au skrini yake ya kupakia, mahali penye giza, na utazame kama mwangaza unatetemeka fremu zinapopanda na kushuka. Wengine hawalioni kabisa. Wengine hawawezi kukaa nalo dakika tano. Na ili usigonge paa, zuia fremu kidogo chini ya hezi ya juu. 141 kwa monita ya 144 inatosha.

Kwa wa filamu na video

Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, na 24 haiingii ndani ya 60 bila kubaki. Kinachofanyika ni kuionyesha picha moja mara tatu na ifuatayo mara mbili, 50 ms kisha 33 ms, na kamera ikipita polepole juu ya majengo utaona mwendo unachechemea. Kwa 120 Hz kila picha inaonyeshwa mara tano, kwa 144 mara sita, na kuchechemea kunakwisha. Kwa video za fremu 25 namba zako ni 50, 75 au 100. Hiyo ndiyo faida ya hezi nyingi kwa mtu asiyecheza gemu kabisa, na sielewi kwa nini wauzaji hawaitaji.

Hapa pia wepesi una bei. OLED hubadili picha ghafla mno kiasi kwamba fremu 24 zinaonekana zikiruka moja moja, ilhali LCD iliyo nzito kidogo inazichanganya na kuzilainisha. Kabla ya kununua, tazama tukio la kamera inayopita taratibu.

Sauti ikitangulia midomo, usihangaike na monita. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya Windows au Linux, bonyeza K kuichelewesha sauti na J kuiwahisha, 50 ms kwa kila mbonyezo.

Taa ya kumweka

Baadhi ya LCD huzima taa ya nyuma pikseli zinapobadilika na kuiwasha kwa kufumba na kufumbua zikishatulia. Ukungu wa hesabu hupungua sana. Gharama zake: mwangaza hushuka, kwa kawaida kasi inayobadilika haifanyi kazi sambamba nayo, na fremu za gemu lazima zilingane na hezi. Ukitoa fremu 60 kwenye 120 Hz utaona kila kitu kikiwa pacha. Ipime kwa kutazama vyombo vitatu, cha juu, cha katikati na cha chini. Katikati huwa safi, lakini chini au juu mara nyingi kuna nakala ya pili, kwa kuwa pikseli za huko hazijamaliza safari taa inapowaka. Kama macho yanauma baada ya nusu saa, izime.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha karatasi hezi, ngazi ya ovadraivu, hali ya picha na tundu la waya, ukibandike nyuma ya monita. Siku mtu wa nyumbani atakapobonyeza kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa bahati mbaya, yote yatafutika bila hata kuulizwa mara ya pili.